Adhabu ya kunyonga: ifutwe au ibaki?

Mnyalu wa Kihesa: Kamwene wakuu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi: ukikutwa na hatia ya mauaji ni kunyongwa. Aliyepanga, aliyelipwa na aliyesindikiza tu, kamba ni moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika pale Arusha, kwenye kesi ya Ally Rajabu, ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Tangu 1994 hajanyongwa mtu, ila hukumu zinatolewa kila leo na watu wanazeekea gerezani wakisubiri. Kwangu mimi, kumfunga mtu mikono ukamuua kwa ratiba ya ofisi ni uuaji hata ukiugongea mhuri. Na wanaoshabikia wengi hawajawahi kuona gereza. Tuanzie hapa nyumbani: Mwamwindi, mkulima wa Isimani aliyemuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alistahili kitanzi?

Mama Soweto, Mbeya: Gereza sijaona, mochwari nimeona. Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Wakamkodi usiku kwenda Uyole, wakamkata mapanga, wakachukua pikipiki. Ameacha watoto. Njoo uwaambie habari za mhuri.

Mnyalu wa Kihesa: Pole sana dada. Sijasema waachiwe, kifungo cha maisha kipo.

Mama Soweto, Mbeya: Wale ugali wa kodi yangu mpaka wazeeke? Pole yako kaa nayo.

Isimani Halisi: Ngoja kwanza. Mleta mada umemtaja Mwamwindi halafu umepita tu? Krismasi ya 1971 yule mzee yuko shambani kwake, Dk. Klerruu, Mkuu wa Mkoa, anamfuata mpaka huko kwa habari za ujamaa. Wazee wetu wanasimulia alivyogombezwa kama mtoto. Baada ya kumpiga risasi akaupakia mwili kwenye gari, akaupeleka mwenyewe polisi Iringa. Jambazi gani anafanya hivyo?

Mchapakazi Njombe: Kwa hiyo ukigombezwa unaua? Bunduki aliifuata nyumbani, akarudi nayo. Huyo alikuwa na muda wa kufikiri.

Kanzu Nyeusi, Tukuyu: Mleta mada, mfano wako unakuangusha. Kuchokozwa kunaweza kushusha mauaji yakawa kuua bila kukusudia, na hapo kitanzi si lazima. Utetezi ulijaribu njia hiyo, ukajaribu na ugonjwa wa akili, Jaji Onyiuke aliyesikiliza kesi hiyo akakataa. Mlango ulikuwepo. Mngeshika kesi ya Mbushuu: mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Dodoma alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kunyonga ni ukatili na kunadhalilisha, ila ikasema Katiba hiyohiyo inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa maslahi ya umma. Yaani ukatili ndiyo, endeleeni. Hilo ndilo la kujibiwa.

Isimani Halisi: Onyiuke mwenyewe Mnigeria. Angejua nini juu ya mashamba ya Isimani?

Mchapakazi Njombe: Mmeshakosa hoja mmehamia kwenye pasipoti. Semeni ukweli, mlikuwa makabaila wa matrekta, ujamaa ukawakera.

Isimani Halisi: Kabaila babu yako. Hao unaowaita makabaila walifyeka pori kwa mikono, nchi ikala mahindi yao. Njombe mlikuwa mnalima nini?

Mchapakazi Njombe: Viazi, na hatukuua mtu.

Kanzu Nyeusi, Tukuyu: Nimeuliza kuhusu Mbushuu.

Kijana wa Mwanjelwa: Wazee mnapigana vita vya 1971. Mnawakumbuka wachuna ngozi wa Mbozi, enzi ile bado ni Mbeya? Kamba ilikuwepo kwenye kitabu muda wote, na watu walichunwa. Muuaji anahesabu kama atakamatwa. Kifungu namba ngapi hana habari nacho.

Mchapakazi Njombe: Haijatumika ndiyo maana haiogopwi. Magufuli mwenyewe 2017 alisema hadharani hatasaini watu wanyongwe, wasimpelekee orodha. Sheria ya maonyesho!

Mnyalu wa Kihesa: Na ni Magufuli, hakuwa mtu wa kubembeleza. Kama hata yeye mkono ulikuwa mzito, wewe ungesaini?

Mchapakazi Njombe: Leo hii. Nipe kalamu.

Mama Soweto, Mbeya: Kalamu ya nini? Waliomkata mdogo wangu hawajafika hata mbele ya jaji. Kila tarehe napanda daladala, naambiwa upelelezi haujakamilika. Nyie mnagombania kamba ya watu ambao hawajakamatwa wote.

Kijana wa Mwanjelwa: Dada, ndicho nilichokuwa nasema.

Mama Soweto, Mbeya: Hukusema hivyo. Wewe ulisema kamba haisaidii. Mimi wakipatikana bado naitaka.

Isimani Halisi: Mchapakazi hajaomba radhi kwa neno kabaila.

Mchapakazi Njombe: Nijibu kwanza: bunduki aliifuata au hakuifuata?

Isimani Halisi: Ulikuwepo?