Hadibodi, alumini au karatasi ya plastiki: ipi inamfaa anayetoka kwenye rangi za maji?

TonelaMaji
Wakuu, habari zenu. Naomba ulinganisho kwa mchoraji aliyezoea rangi za maji kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, anayetaka kuhamia uso mgumu usiohitaji kufunikwa kioo. Nyuso ni tatu: hadibodi ya milimita 3, bamba la alumini lenye plastiki katikati, na karatasi nyeupe ya polipropilini. Rangi itakuwa akriliki au mafuta. Picha ni za sentimita 30 kwa 40. Ipi ina matatizo machache, na matatizo yenyewe ni yapi?

Kitani
Usibadilishe uso na rangi kwa mpigo. Kazi ikiharibika hutajua kosa limetoka wapi. Anza na rangi unayoijua juu ya uso mpya, ukishauelewa ndipo ubadilishe rangi.

Kinachozitenganisha nyuso hizo ni kiu. Karatasi ya pamba hunywa maji taratibu kwa sababu imetiwa jelatini. Hadibodi iliyopigwa jeso (rangi nyeupe ya kuandalia uso kabla ya kuchora) hunywa kiasi. Alumini hainywi, na polipropilini hainywi wala haina meno ya kushika rangi. Kabla ya kuchora lolote, dondosha tone la maji kwenye kona kisha tazama. Likizama papo hapo na kuacha doa, uso una kiu kali: akriliki itakauka kabla hujailainisha ukingo, na rangi ya mafuta itanyonywa mafuta yake na kubaki na mabaka yaliyofifia. Likikaa duara likimeta, brashi itateleza na mkupuo wa pili utaondoka na wa kwanza.

MsasaLaini
Kura yangu ni hadibodi, ila iandaliwe kwa uvumilivu. Hapa ndipo wengi wanaharakisha.

Sugua upande laini kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao uishe, pamoja na kingo, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Piga mikono miwili, yaani matabaka mawili, ya midiamu ya akriliki (gundi ya akriliki isiyotiwa rangi), mbele, nyuma na kwenye kingo. Hatua hii usiiruke. Maji ya jeso hulainisha vitu vya kahawia vilivyomo kwenye mbao na kuvivuta juu kadiri inavyokauka. Ukiona weupe umegeuka kama umemwagiwa chai ya rangi, chanzo ni hicho, na kuongeza jeso juu yake mara nyingi hakusaidii.

Baada ya hapo piga jeso mikono mitatu. Wa kwanza ongezea maji kidogo, kama sehemu 1 kwa sehemu 10 za jeso, upige kwa kulala. Wa pili kwa kusimama. Wa tatu kwa kulala tena. Katikati ya mikono pitisha msasa namba 320. Acha saa 24 kama utachora kwa akriliki, siku 3 kama utatumia mafuta. Nyuma nako piga angalau mkono mmoja wa jeso, maana ubao uliopakwa upande mmoja huvutwa na kupinda. Kwa ukubwa uliotaja milimita 3 zinatosha. Ukizidi sana hapo gundisha fito za mbao nyuma.

BambaJepesi
Namheshimu MsasaLaini, lakini hadibodi inabaki kuwa mbao: inapokea unyevunyevu, na kona zake zikigongwa zinafumuka. Alumini haisogei kwa unyevu hata kidogo. Na kuchora juu ya metali wala si jambo jipya: wachoraji wa Ulaya, akiwemo Jan Brueghel Mkubwa, walichora kwa mafuta juu ya mabamba ya shaba miaka ya 1600, na mengi bado yana rangi angavu kuliko kazi za turubai za wakati huo.

Shida yake ni mshiko. Bamba la kiwandani huja na rangi ya kinga. Isugue yote kwa msasa namba 320 kwa mizunguko midogo mpaka uso ufifie bila sehemu inayong'aa, futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, na usiliguse tena kwa vidole. Piga jeso nyembamba kwa rola ya sponji, mikono miwili au mitatu. Rola huacha vijinundu vidogo vinavyoshika rangi.

Baada ya siku 3 pima. Kwa wembe kata mistari sita kwa kulala na sita kwa kusimama, nafasi ya milimita 2, bandika selotepu, ikandamize kwa ukucha, kisha ivute kwa nguvu. Vijiraba vikitoka na selotepu, kwangua yote uanze upya. Mabamba yenye kinga ya polyesta kwa kawaida hukubali. Yale yenye kinga ya PVDF (aina nyingine ya plastiki) ni ya kuepuka, kwa sababu kinga hiyo imetengenezwa ili kitu kisishike.

TonelaMaji
Asanteni sana. Je, rangi nyeupe ya ukutani inaweza kushika nafasi ya jeso?

MsasaLaini
Hapana. Nyingi zina kijazio kingi na gundi kidogo, kwa hiyo uso hugeuka unga ukiusugua. Utagundua wakati picha imekwisha.

WinoMwepesi
Polipropilini mmeiacha pembeni, nami naona ndiyo shule nzuri kwa anayetoka kwenye rangi za maji. Ifute kwanza kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke. Alama moja ya kidole yenye mafuta itaikataa rangi na utaona duara jeupe katikati ya anga. Rangi ya maji haizami, inakauka kwa maji kupaa tu, hivyo madimbwi hutengeneza mipaka yenye kingo kali na michirizi ambayo karatasi ya pamba haitoi kirahisi. Ukikosea, sponji yenye unyevu inarudisha weupe.

Hasara ni ileile faida: tabaka la pili litaliamsha la kwanza. Weka mkupuo mmoja, inua brashi, usirudie. Kazi ikikauka ipulizie vanishi mara kadhaa, nyembamba, ukiwa mbali nayo kidogo. Ukiipaka kwa brashi utaifuta picha. Akriliki nene juu yake inaweza kubanduka karatasi ikikunjwa, hivyo ibandike kwenye ubao kwanza. Mimi nisingeitumia kwa kazi ya kudumu ya akriliki.

Kitani
Sasa upande wa rangi, kwa kuwa mkono wako umefundishwa na maji. Rangi za maji hupauka zikikauka. Akriliki hufanya kinyume: gundi yake ikiwa mbichi ni kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, na rangi inazama kuwa nyeusi zaidi. Changanya basi hatua moja nyeupe kuliko unavyotaka. Pia ikikauka haiamki tena kwa maji, kwa hiyo ile tabia ya kurudi kulainisha ukingo kesho yake isahau. Kwenye alumini usiipunguze kwa maji mengi. Tumia midiamu, la sivyo gundi inakuwa chache mno kushikilia rangi.

Mafuta hayapauki wala kuwa meusi hapo hapo, na yanakupa muda. Umba, rangi ya kahawia ya udongo, hukauka ndani ya siku chache kwa sababu ya manganizi iliyomo, ilhali nyeusi ya mifupa iliyochomwa huchelewa sana. Usiiweke chini ya rangi zinazokauka upesi, zitapasuka. Tabaka la kwanza liwe na mafuta machache, yanayofuata yaongezeke.

TonelaMaji
Basi naanza na hadibodi, akriliki chini, mafuta juu. Naweza kurudi na akriliki juu ya mafuta kwa marekebisho madogo?

Kitani
Usithubutu. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka ni sawa, ilimradi akriliki iwe nyembamba na isiyo na mng'ao wa kioo. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka kama ngozi. Marekebisho yafanye kwa mafuta. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa, maana mafuta hayo yakikauka hutoa joto na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Viloweke kwenye mkebe wa chuma wenye maji, ufunike.