Mlima Elgon mwezi ujao: bastola, askari wa kukodi au dawa ya pilipili?

Mtembezi wa Lanet (Nakuru)

Wanajukwaa, salamu. Mwezi ujao mimi na wenzangu tunakusudia kukaa mlimani siku kadhaa, na kabla sijalipia chochote ningependa mnisaidie kuamua jambo la usalama. Njia ninazoziona ni tatu: kubeba bastola, kumkodi askari mwenye bunduki, au kununua dawa ya pilipili ya kupuliza, nikaongeza fimbo na filimbi, na kuachana kabisa na habari za silaha. Muuzaji wa dawa hiyo ameniwekea mikebe miwili na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Aliyewahi kutumia mojawapo ya njia hizi aniambie ilimfaa au haikumfaa.

Mzee wa Molo

Kijana wangu, umeuliza kama mtu anayemtaka fundi amtajie gharama ya nyumba bila kumwonyesha kiwanja. Mlima upi? Mko wangapi? Mnaogopa nini hasa, nyati au majambazi? Mtu mwenye panga anayetaka simu yako na nyati dume aliyetengwa na kundi ni hatari mbili zisizo na tiba moja. Na hiyo bastola, leseni yake ni ya nani?

Jirani wa Chorlim (Kitale)

Ninaunga mkono maswali ya mzee, lakini jibu langu halitabadilika hata ukiyajibu yote: mkodi askari. Mambo mengine tutayazungumza baadaye.

Mtembezi wa Lanet

Niwieni radhi kwa kuandika kwa haraka. Mlima ni Elgon upande wa Kenya. Tutaingia kwa lango la Chorlim, tuone mapango, kisha tupande hadi kilele cha Koitobos. Kabla ya hapo tutafanya mazoezi ya siku moja Longonot na nyingine Menengai. Kuhusu leseni, mimi sina. Rafiki yangu mfanyabiashara ndiye mwenye leseni na bastola, na amesema kwamba akikosa nafasi ya kusafiri nasi ataniachia nitembee nayo.

Wakili Mstaafu (Kisumu)

Ndugu Mtembezi, sentensi yako ya mwisho inatosha kukupeleka mahakamani wewe na rafiki yako kwa pamoja. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha kumiliki silaha hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa, na kwa silaha iliyoandikwa ndani yake, hakiazimwi. Wenye leseni wote walitakiwa kuhakikiwa upya mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, kwa hiyo rafiki yako analijua jambo hili vizuri kuliko anavyokuonyesha.

La pili ni kwamba hata akija mwenyewe na cheti chake mfukoni, Elgon na Longonot ni mbuga za taifa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza mtu kuingia na silaha katika eneo la hifadhi bila idhini. Nchi hii ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na askari wa KWS, yaani shirika la serikali la wanyamapori, anayemkuta raia mwenye bunduki vichakani hana sababu ya kudhani kwamba amekuja kutazama maua. Menengai ni habari nyingine, kwa kuwa huko hakuna mbuga ya taifa, lakini suala la kuazima linabaki palepale.

Mkenya wa Montana

Salamu kutoka ughaibuni. Mimi ninatembea milimani huku Marekani, ambako tangu Februari 2010 sheria inaruhusu mtu kuingia na bunduki katika mbuga za taifa iwapo jimbo husika linamruhusu kuwa nayo. Hata hivyo, watembeaji wengi ninaowafahamu hubeba dawa ya pilipili ya kuzuia dubu. Utafiti kuhusu Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dawa hiyo iliwazuia dubu wa kahawia zaidi ya mara 90 katika kila 100 ilipotumiwa, na utafiti mwingine wa 2012 haukuona kwamba waliofyatua bunduki walisalimika zaidi kuliko wale waliokuwa nayo bila kuifyatua. Dubu anakimbia kwa kasi sana, na mkono unaotetemeka haulengi. Wingu la pilipili halihitaji shabaha. Nunua mikebe yote miwili.

Mzee wa Molo

Bwana wa Montana, dubu wako tumemsikia. Lakini Elgon hakuna dubu. Kuna nyati na ndovu. Nyati dume ana kilo mia saba au zaidi, na husimama ndani ya kichaka hadi umkaribie ndipo atoke. Dawa hiyo inafika mita kumi hivi, kwa sekunde chache, na upepo wa mlimani ukigeuka utaivuta mwenyewe. Simcheki anayeibeba kwa ajili ya majambazi wa Menengai, ila asidanganyike kwamba amejikinga na nyati.

Bastola nayo ni vivyo hivyo. Katika nchi zinazoruhusu uwindaji, bunduki ya .375 (upana wa risasi yake kwa inchi) ndiyo huhesabiwa kuwa ndogo kabisa inayofaa kwa nyati. Risasi ya milimita tisa itamkasirisha tu. Mimi katika misitu ya Mau nilitembea na fimbo ndefu na mbwa wawili, na mbwa hukujulisha mapema kuliko macho yako.

Wakili Mstaafu

Mzee wangu, mbwa hawaruhusiwi ndani ya mbuga ya taifa.

Mzee wa Molo

Nimesema misitu ya Mau.

Nyar Nam (Kisumu)

Ninaomba nieleze yaliyotupata, kwa sababu ninaona bastola inajadiliwa hapa kana kwamba tatizo lake ni sheria peke yake.

Tulikwenda msitu wa Eburu tukiwa kundi la watu waliojuana mtandaoni tu, chini ya mwandalizi ambaye sitamtaja. Katika ada tuliyolipa alihesabu gharama ya askari wa msitu. Tulipofika, askari hakuwapo, na mwandalizi akawa anapiga simu isiyopokelewa. Mmoja wetu, mwanamume mkimya na mwenye adabu, akafunua koti akatuonyesha bastola yake yenye leseni, akasema tusipoteze siku. Wote tulifurahi. Kabla ya hapo tulikuwa tukitembea kwa pamoja, tukizungumza kwa sauti ili wanyama watusikie na kuondoka. Baada ya kuiona ile silaha kundi likarefuka, wa mbele wakawa hawaonekani na wa nyuma.

Katika mianzi, wa mbele wakamshtua nyati. Yule bwana alikuwa katikati ya msururu. Hakumwona mnyama, alisikia mayowe tu, naye akafyatua hewani. Nyati ambaye huenda angepita zake aligeukia upande wetu, watu wakatawanyika kila mahali, na dada mmoja akateleza hadi korongoni akavunjika mfupa wa bega. Nyati hakumgusa mtu yeyote. Kumtoa dada yule korongoni kulituchukua hadi jioni, kwa kuwa simu hazikuwa na mtandao na nusu ya kundi lilikuwa limepotea. Kisha tukaketi kituoni hadi usiku wa manane, kila mmoja akiandikisha maelezo juu ya risasi moja: ilikwenda wapi, nani alikuwa mbele, kwa nini ilifyatuliwa. Mwandalizi alizima simu, na ada ya askari hatukurudishiwa hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu Mtembezi, ukichagua askari wa kukodi, umkodi wewe mwenyewe langoni na upewe risiti. Usimwachie mtu wa kati.

Mkenya wa Montana

Pole sana, dada. Lakini kisa chako kinaonyesha ubaya wa bastola, wala hakisemi lolote dhidi ya dawa ya pilipili. Nitakuja nyumbani hivi karibuni na ninaweza kumletea ndugu Mtembezi mkebe wa dawa ya dubu, ambayo ina nguvu kuliko hizo za madukani.

Wakili Mstaafu

Utaiweka wapi? Dawa ya dubu hairuhusiwi katika ndege, si mkononi wala katika mizigo ya chini. Zaidi ya hayo, Sheria ya Silaha inataja miongoni mwa vitu ilivyopiga marufuku silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa kimiminika au gesi yenye madhara. Najua dawa ya pilipili inauzwa waziwazi na wanawake wengi wanaibeba mikobani. Mimi nisingependa kuwa mtu ambaye kesi yake itatumika kufafanua kifungu hicho.

Nyar Nam

Wakili, pamoja na heshima zote, mwanamke anayerudi nyumbani saa mbili usiku hana nafasi ya kungoja kifungu kifafanuliwe. Mimi ninayo, na nitaendelea kuwa nayo.

Wakili Mstaafu

Sikulaumu, dada. Nimeeleza tu sheria ilivyo.

Jirani wa Chorlim

Mmezungumza mengi, lakini mlima wenyewe mmeupita kando. Mimi nimezaliwa chini yake.

Kwanza, ndovu wa Elgon huingia mapangoni usiku kulamba chumvi ya mwambani, na nyati pia. Pango la Kitum si mahali pa kuingia kichwa mbele ukiwa na tochi na ujasiri. Askari husoma kinyesi na nyayo mlangoni kabla ya kukuruhusu. Humo humo kuna popo. Mgeni mmoja wa mwaka 1980 na mwingine wa 1987 waliugua homa ya Marburg na kufariki baada ya kuzuru pango hilo, na sijui mnapanga kumpiga popo risasi ya ukubwa gani.

Pili, njia za juu zinakaribia Uganda, hasa mtu akishuka kuelekea chemchemi za maji moto za Suam. Ukungu ukishuka, ni rahisi kuvuka mpaka bila kujua. Raia wa Kenya mwenye bastola ndani ya nchi jirani ana maelezo marefu ya kutoa.

Tatu, watu wa huku hawajasahau 2006 hadi 2008, wakati wa lile kundi la wapiganaji waliogombania ardhi na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 iliyoitwa Okoa Maisha. Mgeni mwenye silaha asiye na sare anawakosesha wazee usingizi. Askari wa KWS wenyeji wanamfahamu, na anapopita nanyi vijijini mnapokewa vizuri.

Koitobos ina mita 4,222. Wengi ninaowaona wakirudishwa chini wanaumwa kichwa na kutapika kwa ajili ya kimo na baridi. Pesa za hiyo mikebe ningezitia katika blanketi nzito na siku moja zaidi ya kupanda polepole.

Mzee wa Molo

Hapo kuhusu baridi umenena. Na kama mtu ataumizwa na mnyama, kuna fidia, sivyo?

Nyar Nam

Sheria ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, mzee, lakini waulize wakulima wanaoishi kando ya misitu wamengoja miaka mingapi. Nisingeiweka katika mpango wa safari.

Mtembezi wa Lanet

Ninawashukuru. Bastola ya kuazima nimeiacha, ingawa rafiki yangu bado anasisitiza kwamba yeye ataomba idhini na kuja na yake. Kwa Elgon naona askari. Kwa Menengai bado ninavutwa na dawa ya pilipili, maana huko hofu yangu ni watu. Je, askari mmoja anatosha, na chakula chake tunabeba sisi?

Jirani wa Chorlim

Rafiki yako na aombe, wakimkubalia, nitashangaa. Idadi ya askari itategemea idadi yenu, ambayo mzee alikuuliza tangu jana. Chakula mnabeba ninyi, pamoja na hema lake iwapo hana, na msimpikie tambi za dakika mbili siku zote. Mtu huyo anatembea na bunduki nzito mwinuko wote.

Mzee wa Molo

Askari hubeba chakula chake mwenyewe.

Jirani wa Chorlim

Labda huko Mau, mzee. Huku tunakula pamoja.