Re: Taa ya injini imewaka, msimbo P0455, usajili unaisha mwezi huu (Texas)

Wapendwa, salamu kutoka Arlington. Taa ya injini imewaka kwenye gari yangu ya 2014. Duka la vipuri wamenisomea kompyuta ya gari bure wakakuta msimbo wa hitilafu P0455. Gereji wanataka nibadilishe kanista ya kunasa mvuke wa petroli na valvu zake zote mbili, bei ya kutoa machozi, na hakuna aliyeinama hata kuangalia chini ya gari. Nilisikia Texas wamefuta ukaguzi wa kabla ya usajili, ni kweli? Jirani ananishauri nifute msimbo kisha nikimbie kupima.

---

Dada, pole. Kilichofutwa Januari 2025 ni ukaguzi wa usalama, yaani breki, honi na mengineyo. Kipimo cha hewa chafu kimebaki kwenye kaunti zenye miji mikubwa, na kaunti yako ya Tarrant imo. Taa ikiwaka hupiti.

Jirani yako msikilize kwa mengine. Ukifuta msimbo, kompyuta inafuta pia majaribio yote iliyokuwa imejifanyia, na mashine ya ukaguzi inaliona hilo. Gari ya 2001 na kuendelea inaruhusiwa jaribio moja tu ambalo halijakamilika. Watakurudisha nyumbani.

Sasa P0455 yenyewe. Mvuke wa petroli hauruhusiwi kutoka tangini ukaenda hewani. Unanaswa kwenye kanista yenye mkaa, halafu injini ikiwa inaunguruma, valvu iliyo upande wa injini inafunguka na mvuke unavutwa ukachomwe. Valvu ya pili, huko kwenye kanista, inaingiza hewa safi. Kila baada ya muda kompyuta inafunga mfumo mzima na kuangalia kama presha inabaki palepale. Isipobaki, kuna mahali panavuja: P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni tundu la kama milimita moja, P0456 la nusu yake. Yaani unaambiwa ukubwa wa tundu, huambiwi liko wapi. Fundi anayekutajia spea kwa kusoma msimbo tu anacheza bahati nasibu kwa hela yako.

Anza na mfuniko wa tangi. Angalia mpira wake kama umekauka au umepasuka, na ukiufunga usikie ule mlio wa "tika". Mpya si ghali, ila nunua wa modeli yako, si ule wanaosema unaingia gari zote.

Kama si mfuniko, nenda kwenye valvu ya upande wa injini. Washa gari ikiwa imesimama, chomoa waya wa valvu, toa paipu ya mpira inayotoka kwenye kanista na uweke kidole kwenye tundu la valvu pale ilipochomekwa. Hapo hapatakiwi kuvuta kabisa. Pakivuta, valvu imegoma kufunga. Dalili yake nyingine ni gari kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta.

Na pampu ikikata, basi, acha! Wengi wetu tumetoka nayo nyumbani hii tabia ya kuongeza mpaka hela ifike namba kamili. Petroli inaingia kwenye kanista na mkaa unaharibika.

---

Naongezea kutoka Ohio: huku chumvi ya barabarani inakula shingo ya tangi na vipaipu vya chini. Mkishindwa kuona kwa macho, tafuteni gereji ya kupuliza moshi ndani ya mfumo. Unalipia uchunguzi, lakini moshi unatokea penye tundu na ubishi unaisha.

Ukishatengeneza, usijaze tangi. Jaribio la uvujaji ambalo kompyuta hujifanyia kwa kawaida halifanyiki tangi likiwa limejaa au linakaribia kukauka, nusu hivi ndiyo salama. Gari ilale usiku, uiwashe ikiwa baridi, halafu uendeshe mjini na barabara kuu. Kabla ya kwenda kulipia ukaguzi, wakusomee tena pale dukani waone kama majaribio yamekamilika.

---

Asanteni sana kaka zangu. Mfuniko mpya nimeweka, taa bado. Lakini kaka, hilo la kusumbua kuwaka baada ya sheli ni gari yangu kabisa, nilidhani ni betri! Nimeweka kidole kama ulivyoelekeza na panavuta kabisa, kumbe valvu imegoma kufunga. Valvu nimeagiza, nimeiona imeshikwa na bolti moja, mume wangu anasema ataifunga mwenyewe Jumamosi. Kanista siigusi.