Mhadhiri akisoma slaidi mwanzo mwisho, tukifeli kosa la nani?

Binti Ligula: Wakuu, nasoma ualimu hapa Mtwara, mwaka wa pili. Somo la takwimu tupo zaidi ya mia mbili. Mhadhiri anawasha projekta, anasoma slaidi za Kiingereza, saa mbili zikiisha anafunga kompyuta. Hakuna swali, hakuna zoezi. Fomu za kumtathmini tunajaza kila muhula, slaidi ni zilezile, hata tarehe ya chini hajabadilisha. Safu yangu nzima tumepata sapu, yaani tumefeli, turudie mtihani. Tumlaumu nani?

Mzee wa Shangani: Mjukuu, chuo si shule ya msingi. Unaonyeshwa njia, kusoma unasoma mwenyewe. Sisi tuligombania kitabu kimoja maktaba. Nyie wa kusini msimu wa korosho darasani hamuonekani, mkifeli mchawi ni slaidi.

Mtandahimba: Shikamoo mzee, lakini hapo umenikosea. Hizo korosho ndizo ada yangu. Mwaka ule jeshi linabeba korosho, 2017 nadhani, mama alisubiri malipo mpaka nikazuiwa kuingia kwenye mtihani. Unaniita mvivu?

Kokwa: Ilikuwa 2018, Novemba, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. 2017 minada ilikuwa na bei nzuri.

Mtandahimba: Sawa, 2018. Mwaka nimekosea, njaa sijakosea.

Mzee wa Shangani: Sikusema mvivu. Nimesema hamuonekani.

Mtandahimba: Kwetu ni lilelile.

Mwana Newala: Mimi niliondoka chuo wiki tatu kuokota korosho, baba mgongo unamuuma. Nani angeokota? Halafu narudi, hakuna hata mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Katika watu mia mbili nani atajua?

Binti Ligula: Jamani, nimeuliza habari ya ufundishaji!

Mwl. Chumba cha Nyuma: Nafundisha chuo. GPA yangu, wastani wa alama za shahada, ya 3.8 ndiyo iliyonipa kazi. Wiki iliyofuata nikakabidhiwa darasa. Hakuna aliyenionyesha namna ya kufundisha. Anayefundisha darasa la tatu kasomea ualimu, mimi sijasomea. Nilisoma slaidi kwa sababu niliogopa maswali.

Kokwa: Asante kwa kusema kweli, mwalimu. Ila kuna Kiingereza pia. Msingi tumesoma Kiswahili miaka saba, chuoni mtu anashindwa kuuliza kwa kuogopa kuchekwa.

Mzee wa Shangani: Mtaajiriwa wapi na Kiswahili chenu?

Mtandahimba: Mzee, sampuli niliielewa kibarazani hosteli, si ukumbini. Rafiki yangu aliniuliza, pale chama cha msingi cha wakulima wanajuaje ubora wa korosho za magunia mia bila kuyafungua yote? Nikamjibu: wanachota kidogo kwenye magunia tofauti, wanakata, wanaangalia viini. Akasema, wakichota gunia la juu tu je? Nikacheka, kwa sababu nimewaona watu wakiweka nzuri juu. Basi, upendeleo wa sampuli umeniingia dakika ile. Mtihani nikaujibu kwa Kiingereza na nikafaulu.

Mwl. Chumba cha Nyuma: Huo mfano naomba niutumie Jumatatu. Nitazima projekta nusu saa, wajadiliane wawiliwawili, kwa lugha wanayoitaka.

Mzee wa Shangani: Watu mia mbili wakiongea kwa pamoja? Itakuwa soko la Mikindani.

Mwana Newala: Sokoni watu wanajua hesabu, mzee.

Mzee wa Shangani: Kijana, baba yako mgongo unaendeleaje?