Watu 25, meza 5: tuwazungushe vipi bila kurudiana?

Mratibu_K: Kongamano la hisabati tumizi, washiriki 25, meza 5 za viti 5. Jioni ya kwanza tunataka kila mtu akae na kila mwenzake kabla mada hazijaanza. Tukipanga kwa kura, wengine wanarudiana na wengine hawaonani kabisa. Kuna kanuni nyepesi?

baki_sifuri: Ipo, na mizunguko 6 inatosha: kila mtu ana wenzake 24, na kila mzunguko anakutana na 4. Mpe kila mmoja jozi yake (x, y), namba zote 0 hadi 4. Kwenye mzunguko m, nao unaanzia 0 hadi 4, meza yake ni baki la y − mx ukigawanya kwa 5. Likitoka hasi, ongeza 5 mpaka hasi iishe. Mzunguko wa sita, meza ni x. Kwa hiyo kadi ya (2, 3) itasoma 3, 1, 4, 2, 0, kisha 2. Ichapeni nyuma ya beji. Matangazo ya kipaza sauti hayasikiki watu wakishanogewa na maongezi.

Asiyefika, kiti chake kibaki kitupu. Ukimhamisha mtu kuziba pengo, marudio yanaanza hapo hapo.

MezaYaPili: Naongezea. Wenye x = 0 hawahami meza mizunguko mitano ya kwanza, basi nafasi hizo wapewe wanaotembea kwa shida. Wa idara moja wapeni x ileile: watakutana mzunguko wa sita tu, na huo mnaweza kuufuta. Dakika 12 za kuongea na 3 za kuhama, mitano ni saa moja na robo. Chakula kije baadaye, maana kuhama na sahani ni vurugu.

Mratibu_K: Wakifika 36, meza 6 za watu 6?

baki_sifuri: Hiyo 6 ni kaidi! Bila kurudiana mtapata mizunguko 3 tu. Ni lile fumbo la maofisa 36 la mwanahisabati Euler (1782): maofisa wa vikosi 6 na vyeo 6 wapangwe 6 kwa 6, kila mstari na kila safu iwe na kila kikosi na kila cheo mara moja. Mzunguko wa nne ungehitaji mpangilio huo. Mwanahisabati Mfaransa Tarry alithibitisha mwaka 1900 kwamba halina jibu. Ongezeni meza ya saba, gawanyeni kwa 7, x na y ziishie 5. Kwa m = 1 hadi 6, meza moja itakuwa na watu 6, nyingine watano watano. Mizunguko miwili iliyobaki, wa y (m = 0) na wa x (wa mwisho), ni meza 6 zilizojaa.

MezaYaPili: Na kwa watu 16 msigawanye kwa 4. 2 × 2 inaacha baki 0, kwa hiyo wenye y ileile na x zilizopishana kwa 2 watakutana m = 0 na tena m = 2. Wekeni meza 5, mgawanye kwa 5.