Nani asimulie: muuaji, mhariri au mpelelezi? Ulinganisho wa njia tatu za kuandika riwaya ya taharuki kuhusu mwandishi na mauaji

Kalamu ya Mkaa (mwanzisha mada)

Wadau wa riwaya, naomba mnisaidie kupima njia tatu za kusimulia kisa kimoja, kwa sababu nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea kabla sijaamua sauti ya msimulizi. Kisa chenyewe ni hiki. Mwandishi wa riwaya za uhalifu, ambaye jina lake lilivuma na sasa linafifia, anamkabidhi mhariri wake mswada mpya ulio bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Ndani yake mna sura inayoeleza kuuawa kwa mwandishi chipukizi wa kike, na mwaka mmoja kabla ya hapo mwandishi chipukizi wa kike, aliyekuwa akiandikia kampuni hiyohiyo ya uchapishaji, aliuawa kwake na muuaji hakupatikana. Katika mswada, saa ya marehemu imevalishwa mkono wa kulia, na mkanda wake umefungwa kwenye tundu la tatu ilhali tundu lililochakaa ni la tano. Habari hiyo ya saa ni ya kweli, na polisi hawakuitangaza kamwe.

Njia ya kwanza ni kumwachia muuaji asimulie mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Ya pili ni kumpa mhariri usimulizi na kupachika vipande vya mswada katikati ya maelezo yake. Ya tatu ni kumfuata mpelelezi kwa nafsi ya tatu. Hiyo ndiyo iliyozoeleka, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa niko tayari kupingwa. Fumbo la nani aliua halinishughulishi sana. Ninachotaka ni msomaji akae kwa muda mrefu iwezekanavyo bila kujua kama anasoma ubunifu au ungamo.

Msomaji Mkongwe

Ndugu Kalamu, mimi naichagua njia ya kwanza, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba msimulizi asiseme uongo. Wengi wanaoijaribu mbinu ya msimulizi asiyeaminika humfanya mhusika adanganye kwa kurasa mia mbili, kisha mwishoni akageuza kila kitu, na msomaji anafunga kitabu akihisi ametapeliwa. Agatha Christie alilitatua tatizo hilo mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, na asiyetaka kujua mwisho wake na airuke aya hii. Daktari anayesimulia ndiye muuaji, na anachokifanya ni kuziruka dakika chache za usiku ule kwa sentensi ambayo msomaji wa mara ya kwanza haimshtui hata kidogo. Wapo waliolalamika kwamba hawakutendewa haki, lakini ukirudi nyuma na kuisoma upya unakuta hakuna kilichofichwa isipokuwa kile ambacho wewe mwenyewe hukukiuliza.

Linalokuhusu wewe zaidi ni kwamba daktari yule naye anaandika. Maelezo tunayoyasoma ni mswada wake, aliouanza akitumaini kuacha kumbukumbu ya kesi iliyomshinda mpelelezi mashuhuri, na mswada huohuo ndio unaoishia kuwa ungamo lake. Mwandishi wako ana majivuno ya namna hiyohiyo. Kwa nini umnyang'anye kalamu?

Peni Nyekundu

Heshima yako naitunza, Mzee Mkongwe, lakini hoja yako inajibu swali ambalo mwanzisha mada hakuliuliza. Wasomaji wa leo wameuzoea mchezo huo, na muuaji akisimulia mwenyewe wataanza kumshuku mapema mno. Wakishamshuku, ile shaka kati ya ubunifu na ungamo imekwisha, na kilichobaki ni kungoja akiri. Mhariri ndiye mtu pekee katika kisa hiki ambaye analipwa kuzitilia shaka sentensi za mwenzake.

Hebu fikirini anavyosoma. Mhariri aliyefanya kazi na mwandishi mmoja kwa vitabu vingi huzijua tabia za kalamu yake kuliko ndugu zake wanavyozijua tabia zake za mezani. Anajua kwamba mwandishi huyu akieleza kitu ambacho hajakiona hurundika vivumishi, kwamba vyumba vyake vyote vya mauaji vina mwanga hafifu na dirisha lililoachwa wazi, na kwamba damu kwake daima ni nyeusi. Kisha anaifikia sura ya kumi na nne na vivumishi vinakoma. Sentensi zinafupika. Dirisha halipo. Lipo jokofu linalonguruma, linanyamaza, halafu linaanza tena, jambo ambalo halina kazi yoyote katika msuko, na ipo ile saa. Alikuwa tayari kuandika pembezoni kwamba hii ndiyo sura bora ya mswada mzima, lakini mkono unamsita, kwa sababu kitu kisicho na kazi huingia katika hadithi kwa njia mbili tu: ama mwandishi hajui kukata, ama alikiona kwa macho yake. Na huyu anajua kukata.

Taharuki ya namna hiyo haihitaji kisu wala kukimbizana gizani. Juu ya hayo, mhariri ana masilahi yake. Kampuni inakihitaji kitabu hicho, yeye ndiye aliyekipigania, na kila siku anayoipitisha akiwa amenyamaza inamsogeza kwenye ushirika wa kosa. Mpelelezi hana cha kupoteza akimtaja muuaji, mhariri anacho.

Faili la Tatu

Naona mpelelezi amekosa wakili, kwa hiyo nitamsimamia mimi. Kipo kisa cha kweli kinachokaribiana na hiki, nacho ni cha Poland. Mwaka 2000 maiti ya mfanyabiashara ilipatikana katika mto Oder. Mwaka 2003 Krystian Bala alichapisha riwaya iitwayo Amok, ambayo msimulizi wake anaua. Na mwaka 2007 mahakama mjini Wrocław ilimhukumu Bala kifungo cha miaka 25 kwa kuhusika na mauaji yale. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba kitabu ndicho kilichomfunga mwandishi wake, na hapo ndipo panaponikera, kwa sababu mtu yeyote ana ruhusa ya kubuni mauaji, na ukurasa wa riwaya peke yake haumtii mtu hatiani. Kilichowaelekeza polisi kwa Bala ni simu ya marehemu, iliyouzwa katika mnada wa mtandaoni siku chache tu baada ya mwenyewe kutoweka, kupitia akaunti ya Bala. Riwaya iliingia kwenye uchunguzi kwa sababu mshukiwa alikuwa ameshapatikana, na wapelelezi wakaisoma wakitafuta yanayolingana na maisha yake.

Mpangilio huo ni hazina kwa mtunzi. Mtu asiyejali fasihi, anayesoma riwaya nzima akipigia mstari tarehe na majina ya barabara, akizipita kurasa zilizomtoa mwandishi jasho bila hata kupunguza mwendo, ni mhusika ambaye sijakutana naye mara nyingi. Nakubali hata hivyo kwamba njia hii ina gharama yake: mpelelezi hulazimika kufikia jibu, na jibu likishatolewa mahakamani ile hali anayoitaka Ndugu Kalamu inakufa.

Kivuli cha Pazia

Ipo njia ya nne ambayo hamjaigusa, nayo ni nafsi ya tatu iliyojibana ndani ya kichwa cha mshukiwa. Dorothy B. Hughes aliitumia mwaka 1947 katika In a Lonely Place: Dix Steele anawaambia watu kwamba anaandika riwaya, sisi tunamfuata yeye tu, yeye ndiye muuaji, na bado mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Filamu ya mwaka 1950 iliyotokana na riwaya hiyo, ikiongozwa na Nicholas Ray, ilimfanya Dix kuwa mwandishi wa filamu ambaye hakutenda mauaji anayoshukiwa. Pamoja na hayo filamu inatisha, kwa kuwa mwanamke anayempenda ameshaiona hasira yake, na hata habari ya kwamba hana hatia inapofika haiwezi tena kuwarudisha pamoja.

Kwa hiyo kisa kimoja kilisimama imara huku hatia ikiwemo na huku ikiwa imeondolewa. Ningekuwa mimi, nisingeamua sasa hivi kama mwandishi wako aliua. Ningeandika kwanza.

Kalamu ya Mkaa

Nawashukuru nyote. Peni Nyekundu amenivuta upande wake, hasa kwa lile jokofu, ambalo naomba ruhusa ya kuliiba. Hata hivyo naona pengo katika njia yake. Ikiwa polisi hawakutangaza habari ya saa, mhariri atajuaje kwamba saa iliyomo katika mswada inalingana na ya marehemu? Sitaki sadfa, na sitaki afisa mlevi aropoke siri mbele yake.

Faili la Tatu

Hapo utamhitaji mpelelezi wangu, japo kwa ukurasa mmoja. Marehemu alikuwa akiandikia kampuni hiyo, kwa hiyo ni kawaida mhariri kuhojiwa pamoja na wengine. Katikati ya maswali mengi ya kuchosha anaulizwa kama anakumbuka marehemu alizoea kuvaa saa mkono gani. Anajibu kwamba ni wa kushoto, afisa anaandika, na wanaendelea na mengine. Afisa hajamfichulia kitu. Swali linakaa kwake mwaka mzima bila kazi hadi siku anapoisoma sura ya kumi na nne.

Msomaji Mkongwe

Hilo ni safi. Nami naweka ombi langu la mwisho: vipande vya mswada viwe katika nafsi ya kwanza, ili muuaji, kama ni muuaji, apate nafasi yake ya kusema. Ningependa pia mhariri amjaribu. Amwandikie kwamba sentensi ya saa iondolewe, na mwandishi akatae katakata.

Peni Nyekundu

Vipande katika nafsi ya kwanza, naam, nakubaliana nawe. Kukataa, hapana, Mzee wangu, kwa sababu akikataa atakuwa amefanya kile anachokifanya kila siku. Huyu ni mtu anayegombania kila mkato, anayepiga simu usiku kwa ajili ya neno moja, na aliyewahi kutishia kuhama kampuni kwa sababu ya kichwa cha sura. Mhariri anaandika pembezoni kwa penseli: "Saa ni ya lazima?" Mswada unarudi asubuhi inayofuata, mapema kuliko ulivyowahi kurudi. Masahihisho mengine yote yamepingwa kwa hoja ndefu kama kawaida yake. Sentensi ya saa imekatwa, na mstari wa kuikata umepigwa kwa rula.