Naosha nywele kwa kondishena tu, mizizi imeanza kunata: naomba ushauri

Habari zenu wadau. Nywele ni kipilipili, hazina dawa, zikivutwa zinafika mabegani. Wiki ya sita sasa bila shampuu. Kila Jumapili nalowesha kichwa, napaka kondishena vijiko vinne vya chakula, nasugua ngozi kwa ncha za vidole dakika tano, nachambua kwa chanuo la meno mapana, nasuuza. Ukavu umeisha na hazikatiki ovyo, hilo silikatai. Ila tangu wiki ya nne mizizi inanata, na nikikwangua, kucha inatoka na utando mweupe kama nta. Hauwashi, kwa hiyo sidhani ni mba.

Kondishena ya kwanza ilikuwa na dimethicone, aina ya silikoni ambayo maji matupu hayaiondoi, nikabadili. Mafuta ya nazi nayo nimeacha. Bado. Maji ni ya kisima, yana chumvi, hata sabuni haitoi povu (wa Dar mnayajua).

Je, utando huu ni wa maji au ni mabaki ya ile kondishena ya kwanza? Na nikitumia shampuu mara moja, iwe ile kali ya kusafisha au laini isiyo na salfeti (ile kemikali ya kutoa povu na kung'oa mafuta)?